Mita inasoma omu 0.6, hesabu inanipa wati 240, globu imeandikwa 21W. Nakosea wapi?

kijana_wa_waya

Wakuu habari zenu. Naomba msaada, na mnivumilie maana maelezo ni marefu kidogo.

Najifunza ufundi umeme, huu ni mwezi wangu wa nne. Kanuni ya Ohm ninayo kichwani: V = I × R (volti ni mkondo mara ukinzani), na nguvu P = V × I. Ukinipa swali la karatasini, volti 12 na ampea 3, nakutolea omu 4 na wati 36 papo hapo. Shida imeanza nilipoacha karatasi nikashika kitu chenyewe.

Jana usiku nilikaa mezani na globu ya indiketa ya gari, ile ya zamani yenye uzi ndani, si LED. Kitakoni imechongwa 12V 21W. Nikaweka mita kwenye omu, kipimo cha chini kabisa, nikagusanisha ncha zake mbili kwanza: 0.2. Nikapima globu: 0.8. Nikaondoa ile 0.2 ya waya za mita, ikabaki 0.6.

Basi nikapiga hesabu. Volti 12 gawanya kwa omu 0.6 ni ampea 20. Ampea 20 mara volti 12 ni wati 240. Wati 240 kwenye kiglobu kinachofichika kiganjani! Nikaanzia upande wa pili, kwenye maandishi: 21 gawanya kwa 12 ni ampea 1.75, na 12 gawanya kwa 1.75 ni omu 6.86. Yaani maandishi na mita vinapishana zaidi ya mara kumi na moja.

Nimepima mara tano. Nimebadilisha betri ya mita. Nimechukua globu nyingine ya aina ileile, 0.6 tena. Halafu nikaiwasha kwa betri ndogo ya volti 12, ya 7Ah (ampea-saa 7), na njiani nikaweka fyuzi ya ampea 5. Imewaka vizuri kabisa na fyuzi haijakatika. Sasa kama kweli zinapita ampea 20, hiyo fyuzi imeponaje?

Swali la pili limenikosesha usingizi kuliko la kwanza. Daftari langu lina P = I²R, maana yake ukinzani ukiongezeka nguvu inaongezeka. Mstari wa chini yake kuna P = V²/R, maana yake ukinzani ukiongezeka nguvu inapungua. Zote mbili zinawezaje kuwa kweli? Mwenzangu ninayejifunza naye kaniambia "tumia inayokupa jibu". Sijaridhika nalo hata kidogo.

saketi_wazi

Mita hiyo mkuu. Mita nyingi za kawaida ukishuka chini ya omu 1 hazina ukweli. Amini kilichochongwa kwenye globu, piga hesabu kwa hicho, songa mbele.

fundi_makoili

Kijana, mita yako ni nzima, hesabu yako ni sahihi, na maandishi ya kwenye globu nayo ni ya kweli. Ndugu saketi_wazi, ni kweli mita nyingi hupwaya kule chini, lakini huyu kijana amekumbuka kuondoa ile 0.2 ya waya. Huo ni umakini ambao mimi niliupata baada ya miaka. Tusimwambie aidharau mita yake siku aliyoitumia vizuri.

Tatizo liko hapa: umepima kitu kimoja katika hali mbili, kisha umechukua volti za hali moja ukazigawa kwa omu za hali nyingine. Mita ikiwa kwenye omu inapitisha mkondo mdogo mno, miliampea kidogo tu. Uzi wa globu hauushtukii. Unabaki baridi kama meza uliyoiwekea. Kwa hiyo ile 0.6 ni ukinzani wa tungsteni, metali ya uzi huo, ikiwa baridi. Ukiiwasha, uzi ule unapanda hadi zaidi ya sentigredi 2,000, na tungsteni kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kuukinza mkondo. Globu ya uzi ikitoka baridi hadi kuwaka, ukinzani wake hukua mara kumi na zaidi. Hiyo mara kumi na moja uliyoiona ndiyo tabia ya globu yenyewe, uliikamata bila kujua jina lake.

Kitu kingine. Hizo volti 12 ulizipima wapi? Hukuzipima. Ulizisoma kwenye betri. Na ampea hukupima pia. Una vipimo vitatu kwenye hesabu yako, kimoja tu kimetoka mkononi mwako. Kanuni haidanganyi, lakini inataka V na I za kitu kilekile, kwa wakati uleule, kikiwa kazini.

Kwa hiyo fanya hivi. Pima volti za betri kabla hujaunganisha chochote. Kisha iwashe globu, ampea ikipita ndani ya mita, yaani mita iwe sehemu ya njia, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A. Andika ampea. Huku globu inawaka, chukua mita ya pili kama unaweza kuazima, upime volti kwenye betri, halafu volti kwenye globu yenyewe, ncha zikigusa kitako na ubavu wake, si kwenye waya. Leta namba zote nne.

Tafadhali sana, ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujagusa kitu kingine. Mita kwenye tundu la ampea ni kama kipande cha waya tu, ukinzani wake ni mdogo mno. Nilipokuwa najifunza niliusahau humo, nikaenda kupima volti za betri kubwa ya gari. Ncha ziliyeyuka palepale zilipogusa, na kitone cha shaba kikanirukia mkononi. Kovu ninalo hadi leo, juu kidogo ya kidole gumba. Kwa 12V nililipa kovu. Kwa umeme wa ukutani ningelipa kikubwa zaidi. Na kwa miezi yako hii minne, umeme wa ukutani usiuguse kwa vipimo vya namna hii. Betri yako ya 7Ah itakufundisha kila kitu unachokihitaji, ila usiiache bila ile fyuzi.

La I²R na V²/R sikujibu leo, maana nataka ulione kwa macho. Tafuta globu ya pili, ya 12V 5W. Ziunganishe kwanza sambamba, zote mbili zikinywa kwenye betri moja. Angalia ipi inang'aa zaidi. Kisha ziunganishe kwa mfuatano, mkondo utoke kwenye moja uingie kwenye nyingine. Angalia tena. Kabla hujawasha, andika kwanza unatarajia kuona nini.

mwana_betri

Naomba kudandia hapohapo. Mimi nina LED ya volti 2, miliampea 20, nataka niiwashe kwa volti 12. Nimegawa 12 kwa 0.02 nikapata omu 600. Sawa?

ticha_wa_zamu

Itawaka, ila hesabu siyo hiyo, na sababu yake inafanana na ya kijana hapo juu. LED inakula volti zake 2 bila kujali sana mkondo. Rezista inabaki na 10. Basi ni 10 gawanya kwa 0.02, omu 500. Sokoni utapata 470, mkondo utakuwa miliampea 21 hivi, LED nyingi za kawaida huvumilia. Sasa usiishie hapo, angalia na joto: 10 mara 10 gawanya kwa 470 ni wati 0.21. Rezista ya robo wati itafanya kazi lakini itakuchoma kidole. Weka ya nusu wati.

Ulichokosea ni kutumia volti za betri nzima kwa kifaa kinachopokea sehemu yake tu. Volti siku zote ni za baina ya ncha mbili. Sema kwanza ni ncha zipi, ndipo ugawanye.

kijana_wa_waya

Nimerudi. Nimeazima mita ya pili kwa mwenzangu (yule wa "tumia inayokupa jibu", naye alikaa hadi mwisho).

Betri peke yake: 12.7 V. Globu ya 21W ikiwaka: ampea 1.7, volti kwenye vichwa vya betri 12.5, volti kwenye globu 11.9.

11.9 gawanya kwa 1.7 nimepata omu 7 kamili! Nguvu 11.9 × 1.7 = wati 20.23. Nikajaribu zile nyingine: 1.7 × 1.7 × 7 = 20.23. Na 11.9 × 11.9 gawanya kwa 7 = 20.23. Zote tatu zimetoa jibu moja. Sijui niwaelezeje nilivyojisikia.

Lakini sasa: betri inasema 12.5, globu inasema 11.9. Hizo 0.6 zimeenda wapi? Na hata betri, ilikuwa 12.7, mbona ilishuka nilipowasha tu na ikarudi nilipozima?

fundi_makoili

Sasa tunaongea. Hizo 0.6 hazijapotea, zimetumika njiani. Gawanya kwa mkondo uleule: 0.6 kwa 1.7 ni omu 0.35. Huo ndio ukinzani wa waya zako, swichi, kishikizo cha fyuzi na mita yenyewe. Unakumbuka ile 0.2 uliyoipata ukigusanisha ncha? Waya za mita ndizo zilezile ulizopitishia ampea. 0.2 mara 1.7 ni volti 0.34. Yaani zaidi ya nusu ya kilichopungua kimekulwa na chombo chako cha kupimia. Toa mita ya ampea njiani, unga waya moja kwa moja, acha mita ya volti kwenye globu: utaiona inapanda kuelekea 12.2, na mwanga utaongezeka kidogo. Kupima ni kuingia katikati ya mambo ya wenyewe, kwa hiyo jihesabu na wewe.

Betri nayo ina ukinzani wake tumboni. Imeshuka kwa 0.2 mkondo wa 1.7 ulipopita, basi ni omu 0.12 hivi. Ukizima, mkondo hakuna, na pasipo mkondo ukinzani hauli kitu, ndiyo maana inarudi 12.7.

Jumlisha ujiridhishe. Globu 20.23. Njiani 0.6 × 1.7, wati 1.02. Ndani ya betri 0.2 × 1.7, wati 0.34. Jumla 21.59. Sasa chukua 12.7 × 1.7. Ni 21.59. Hakuna hata senti ya nguvu iliyochepuka. Mimi hesabu ikifunga namna hiyo huwa natulia moyo wote.

Na fyuzi yako ndiyo hii hapa. Ukiwasha, kwa kitambo kidogo mno uzi bado ni baridi, omu 0.6. Lakini mkondo haupiti kwenye globu tu, unapita na njiani 0.35 na ndani ya betri 0.12. Jumla omu 1.07. Volti 12.7 gawanya kwa 1.07 ni karibu ampea 12, si 20. Uzi unapata moto mara moja, ukinzani unapanda, mkondo unaanguka hadi 1.7. Fyuzi ya ampea 5 inakatika kwa joto, na joto linataka muda. Halikuupata. Na ndiyo maana globu za uzi mara nyingi hukata roho zinapowashwa, si zikiwa zimetulia zinawaka.

Nikupe na kisa kimoja cha kazini, kwa sababu hiyo omu 0.35 usiichukulie poa. Niliwahi kuletewa hita ya wati 2,000, ya volti 230. Mwenye hita alilalamika kwamba plagi inanuka. Hita yenyewe nikaipima baridi, omu 26. Hesabu: 230 × 230 gawanya kwa 2,000 ni 26.45. Iko sawa. (Hita hutumia waya wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu, na nikromu ukinzani wake haubadiliki sana ikipata moto, ndiyo maana kwake kipimo cha baridi kinakubali, na kwa globu kinakataa.) Waya wote nao nikaupima kwa ile sauti ya mita: piii. Unapita. Mtu mwingine angemrudishia mwenyewe akamwambia haina tatizo.

Nikaifungua plagi. Pini moja ilikuwa imebadilika rangi, ina zambarau inayoishia kwenye kahawia, kama chuma kilichokaa kwenye makaa. Skrubu yake ilizunguka kwa kucha. Plastiki iliyoizunguka pini imelainika hadi ukiibonyeza inaacha alama. Nikapima kutoka pini hadi mwanzo wa waya, urefu wa fundo moja la kidole: omu 0.6. Ile sauti ya mita yangu hulia chini ya omu 30 hivi, kwa hiyo 0.6 kwake ni safi.

Sasa weka mkondo. 230 gawanya kwa 27, ampea 8.5. Ukizidisha 8.5 kwa 8.5 ni 72, mara 0.6 ni wati 43. Chuma cha kulehemu risasi nilichonacho mezani ni cha wati 40, na kinayeyusha risasi kwa raha. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na chuma cha kulehemu kinachowaka ndani ya plagi ya plastiki, ukutani, masaa kwa masaa. Hita yenyewe ilikuwa bado inapasha vizuri, volti 5 tu zimepungua, huwezi kuhisi.

Omu 0.6 ileile ukiiweka kwenye njia ya LED ya mwana_betri, yenye miliampea 20, inatoa wati 0.00024. Hakuna kitu. Ndiyo maana fundi akiniambia "ukinzani ni mdogo tu" namuuliza: mdogo kwa mkondo gani?

saketi_wazi

Nimenyoosha mikono fundi. Jana niliisema mita bila kufikiri. Swali dogo: hii ya kupima V na I ukagawanya, naweza kuifanya kwa mota pia? Nina mota ndogo ya volti 230, koili yake kuu nimeipima mota ikiwa imezimwa nikapata omu 8. 230 kwa 8 ni karibu ampea 29, lakini ikizunguka inakula ampea 3.

ticha_wa_zamu

Hapo kuna mambo mawili ya ziada. La kwanza, mota ikizunguka inazalisha volti zake zinazoupinga umeme unaoingia. La pili, koili kwenye umeme wa AC (ule wa ukutani, unaogeuka-geuka) inauzuia mkondo kwa usumaku wake, si kwa ukinzani wa waya pekee. 230 gawanya kwa 3 inakupa karibu 77, lakini hiyo 77 si omu za waya. Omu za waya zinabaki 8, na zinaongezeka kidogo mota ikipata joto. Joto la waya lihesabu kwa hizo 8: 3 × 3 × 8, wati 72.

Na 230 × 3 = 690 usiiite wati. Ni volti-ampea. Kwenye koili mkondo unachelewa nyuma ya volti, kwa hiyo wati halisi ni chache kuliko 690. Ni chache kiasi gani, utapata kwa mita ya wati. Kwa globu, hita na pasi, ambako kuna ukinzani mtupu, volti mara ampea ni wati bila wasiwasi, hata kwenye AC.

Kijana_wa_waya, nimefurahi ulivyoshangaa betri kushuka. Mshangao huo alikutana nao Ohm mwenyewe. Georg Ohm alianza majaribio yake kwa betri za kemikali za wakati ule, na volti zake zilikuwa zinashuka na kuyumba kila anapounganisha waya, namba hazikai. Mwanafizikia mwenzake, Poggendorff, akamshauri aache betri, atumie metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja moto na mwingine baridi, maana mwanafizikia mwingine, Seebeck, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1821 kwamba muungano wa namna hiyo hutoa umeme. Ohm akatumia shaba na bismuthi, upande mmoja kwenye maji yanayochemka, mwingine kwenye barafu. Maji yakichemka hayapandi zaidi, barafu ikiyeyuka haishuki zaidi, kwa hiyo chanzo kikatulia. Hapo ndipo mwaka 1826 namba zikakaa sawa, na 1827 akatoa kitabu chake. Naye aliuweka ukinzani wa chanzo chenyewe ndani ya hesabu yake, kama ulivyofanya na omu 0.12 ya betri yako.

fundi_makoili

Ticha asante, hilo la maji na barafu nilikuwa silijui, na nimefunga mota maisha yangu yote. Saketi_wazi, kwenye meza yangu omu za koili nazipima kwa jambo moja: kulinganisha. Koili mpya na iliyoungua za mota ya aina moja, au fezi tatu za mota moja. Zikipishana sana najua pa kutafuta. Volti za ukutani sizigawi kwa omu hizo kamwe.

Kijana, globu mbili zimefikia wapi?

kijana_wa_waya

Nimemaliza sasa hivi, bado ziko mezani.

Nilivyotarajia: niliandika kwamba ya 21W itang'aa zaidi mara zote mbili, kwa sababu ni ya wati nyingi.

Sambamba: ndivyo ilivyokuwa. Ya 21W ilinifanya nigeuze macho, ya 5W kando yake kama taa ya kulalia.

Mfuatano: ya 5W imewaka karibu kama kawaida, na ya 21W imezima. Haina hata wekundu! Nilidhani imeungua. Nikaitoa, nikaijaribu peke yake, ikawaka. Nikairudisha, ikazima. Mwenzangu akasema labda mkondo umeishia kwenye ya kwanza, tukazibadilishana nafasi, ya 21W ikatangulia. Matokeo yaleyale, ya 5W inawaka, ya 21W giza.

Ndipo tukapima. Mkondo ampea 0.42, na ni uleule popote tulipokata njia tukaingiza mita, kabla, katikati, baada. Volti kwenye ya 5W ni 12.1. Volti kwenye ya 21W ni 0.4 tu.

Ya 5W: 12.1 gawanya kwa 0.42, omu 28.8. Nguvu 12.1 × 0.42, wati 5.08.
Ya 21W: 0.4 gawanya kwa 0.42, omu 0.95. Nguvu wati 0.168.

Nimekaa na hizo namba kama nusu saa, na nadhani nimeelewa, mnisahihishe. Kwenye sambamba volti ni zilezile kwa globu zote mbili. Kinachotofautiana ni mkondo. Mwenye ukinzani mdogo anavuta mkondo mwingi, kwa hiyo anapata nguvu nyingi. Hiyo ndiyo V²/R. Kwenye mfuatano mkondo ndio uleule kwa wote. Hakuna anayeweza kuvuta zaidi ya mwenzake. Mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayekula volti nyingi, kwa hiyo ndiye anapata nguvu. Hiyo ndiyo I²R. Kanuni hazigombani, kila moja inaanza na swali lake: hapa kipi kimeshikiliwa kisibadilike, volti au mkondo? Na ile plagi ya fundi iko kwenye mfuatano na hita, mkondo wake unaamuliwa na hita, ndiyo maana pale skrubu ilipolegea omu zikiongezeka joto likaongezeka.

Halafu kuna jambo nimeliona sikulitegemea. Ya 21W nilipoipima kwa mita ilikuwa omu 0.6. Hapa ni 0.95. Haijawaka, lakini imepanda. Nikawaza basi uzi wake una joto hata kama hauonekani. Ni sahihi?

fundi_makoili

Ni sahihi yote, na hilo la mwisho sikukutuma, umeliona mwenyewe. Uzi umepata joto la wati 0.17, halitoshi kutoa mwanga lakini linatosha kuongeza omu. Kwa hiyo sasa globu hiyo unaijua kwa namba tatu: 0.6 ikiwa baridi, 0.95 ikiwa na uvuguvugu, 7 ikiwaka. Chora kwenye karatasi ya mraba, volti chini, ampea pembeni, utie na alama za katikati ukiongeza globu nyingine njiani kupunguza mkondo. Mstari hautanyooka, utapinda. Kisha fanya hivyohivyo kwa rezista ya omu 10, ila tafuta ya wati 20 au zaidi. Kwa volti 12 itabeba wati 14.4, ndogo itaungua mbele yako. Mstari wake utakuwa umenyooka kama rula. Karatasi hizo mbili zibandike juu ya meza yako.

Marekebisho mawili. Kwenye daftari usiandike wati 0.168. Mita yako ilisoma 0.4, tarakimu moja, huwezi kuzaa tarakimu tatu za uhakika kutoka humo. Andika 0.17, au sema tu "karibu 0.2". Ukitaka zaidi, shusha mita kwenye kipimo cha milivolti, upime tena.

La pili: umesema mlizibadilishana nafasi. Natumaini mlizima kwanza.

kijana_wa_waya

Tulizima fundi. Na waya mwekundu uko kwenye tundu la volti, nimeuangalia sasa hivi kabla ya kuandika.

Nimepima tena kwa milivolti: 398. Gawanya kwa 0.42 ni omu 0.95, nguvu wati 0.167. Nimeandika 0.17.